Uvimbe wa Tezi: Kipande Kipimwe Kabla Dhana Haijawa Tiba

Na uchukuliwe mfano wa mwanafunzi wa shule ya bweni ambaye siku moja, akioga, anagusa shingo yake na kukuta kinundu kidogo kama punje ya hindi. Hakimwumi, kwa hiyo anakiacha. Baada ya wiki tatu kinundu kimekuwa kama kokwa la embe dodo changa, na mwalimu wa zamu anampeleka zahanati. Huko anapewa vidonge vya kuua bakteria vya siku saba. Kinundu hakiondoki. Anapewa vingine, vya aina nyingine. Likizo inafika, na nyumbani wazee wanamchanja chale na kumpaka dawa ya mizizi. Muhula unaanza tena akiwa amekonda, na usiku shuka lake linalowa jasho. Mara hii anaambiwa kwamba huenda ni kifua kikuu cha tezi, naye anaanzishiwa dawa za miezi sita. Mwezi wa pili wa dawa hizo uvimbe umejaa upande mzima wa shingo.

Katika muda wote huo wako watu watano au sita waliougusa uvimbe ule, na kila mmoja wao alikuwa na dhana yake. Hakuna hata mmoja aliyetoa sehemu yake ndogo na kuitazama kwa hadubini. Mwanafunzi huyu ni wa mfano tu, lakini hali kama yake inafahamika vizuri kwa madaktari wa saratani katika hospitali za rufaa. Uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali za Afrika umeonyesha kwamba si wachache kati ya wagonjwa wa saratani ya tezi za limfu ambao kwanza walitibiwa kifua kikuu wasichokuwa nacho.

Makala haya yanashikilia jambo moja: kwamba uvimbe wa tezi usiokwisha ni swali, na swali hilo halijibiwi kwa kubadilisha vidonge. Linajibiwa kwa kuchukua kipande cha tezi yenyewe na kukichunguza. Kipimo hicho huitwa biopsi. Kinafaa kutakwa mapema, na kionekane na wananchi kuwa ni haki ya mgonjwa wala si hatua ya mwisho ya mtu aliyekwisha kukatiwa tamaa.

Tezi za limfu na kazi yake

Mwili wa binadamu una tezi za limfu zipatazo mia sita hivi. Nyingi ni ndogo mno, na zimejipanga kwa makundi shingoni, makwapani, kinenani, kifuani na tumboni. Majimaji yanayovuja kutoka katika mishipa midogo ya damu na kuzunguka baina ya seli hukusanywa na mirija myembamba, kisha hupitishwa katika tezi hizi kabla ya kurudishwa katika damu. Majimaji hayo ndiyo limfu. Kila tezi ni kama kituo cha ukaguzi barabarani. Ndani yake mna seli nyeupe zinazotambua bakteria, virusi na vitu vingine vigeni, na zinapokutana na adui huzaana kwa wingi ili kupambana naye. Kuzaana huko ndiko kunakoifanya tezi ivimbe.

Kwa hiyo kuvimba kwa tezi, kwenyewe, si ugonjwa. Aghalabu ni dalili ya kazi inayofanyika. Mkulima aliyejikata mguu kwa jembe hupata mtoki kinenani. Mtoto mwenye mapunye kichwani huvimba tezi za kisogo. Mwenye jino bovu huvimba chini ya taya. Chanzo kikipona, tezi nazo hunywea, ijapokuwa pengine huchukua wiki kadhaa. Tezi isiyozidi sentimita moja kwa kawaida haitishi, na zile za kinenani huweza kuwa kubwa zaidi kidogo kwa mtu mzima mwenye afya, hasa aliyezoea kutembea pekupeku.

Wahenga walisema kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Mtu mwenye busara anajua vilevile kuwa si kila wingu hunyesha. Kazi ya elimu ya tiba ni kutenganisha wingu lipitalo na wingu la tufani, na wakati mwingine jicho na mkono havitoshi kufanya hivyo.

Sura moja, magonjwa mengi

Uvimbe unaokaa zaidi ya wiki nne bila sababu inayoonekana huweza kuletwa na mambo yaliyo mbalimbali kabisa. Kifua kikuu hushambulia tezi, hasa za shingo, hata kwa mtu asiyekohoa. Virusi vya ukimwi huvimbisha tezi za sehemu nyingi kwa pamoja, na hali hiyo yaweza kudumu miezi mingi. Kaswende katika hatua yake ya pili hufanya hivyo pia. Saratani huingia katika tezi kwa njia mbili. Ya kwanza ni ile inayoanzia ndani ya tezi zenyewe, iitwayo limfoma. Ya pili ni ile iliyoanzia kwingine, kwa mfano katika titi, koo au tumbo, kisha ikasafiri kwa mirija ya limfu na kutia nanga katika tezi. Tena kuna saratani ya damu, na kuna saratani ya Kaposi, ambayo kwa wagonjwa wengine hujificha katika tezi bila alama yoyote ya ngozi.

Daktari mzoefu anaweza kubahatisha kwa vidole. Tezi laini inayouma aghalabu ni ya maambukizo ya siku chache. Tezi ngumu kama jiwe, iliyoshikamana na nyama za chini, hutia shaka ya saratani iliyosafiri. Tezi zinazoteleza kama mpira hutia shaka ya limfoma, na zile zilizogandamana na kutoboka zikatoa usaha huelekeza kwenye kifua kikuu. Mahali nako kuna maana: tezi iliyovimba juu ya mtulinga haipasi kupuuzwa kamwe, kwa kuwa ile ya upande wa kushoto huweza kuwa mjumbe wa saratani iliyo tumboni. Mjerumani Rudolf Virchow alikwisha kulieleza jambo hilo katika karne ya 19, na mpaka leo tezi hiyo inaitwa kwa jina lake.

Hata hivyo, vidole hudanganywa. Kifua kikuu na limfoma huwashika vijana. Vyote viwili huleta homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, na huvimbisha shingo bila maumivu makubwa. Mtu anayedai kuvitenganisha kwa kupapasa peke yake anacheza bahati nasibu, na kinachowekwa rehani katika mchezo huo ni uhai wa mtu mwingine.

Waliotangulia nao walichanganyikiwa

Kosa hili si la waganga wa zahanati peke yao. Wataalamu wakubwa walilifanya pia. Mwaka 1832 Thomas Hodgkin, daktari wa hospitali ya Guy's mjini London, alieleza habari za wagonjwa saba waliokufa wakiwa na tezi na bandama zilizovimba. Hodgkin alitazama viungo hivyo kwa macho matupu. Miaka zaidi ya thelathini baadaye, mwaka 1865, Samuel Wilks wa hospitali hiyohiyo aliuita ugonjwa huo kwa jina la Hodgkin, na ndivyo uitwavyo hadi sasa.

Robert Koch alipotangaza mjini Berlin, mwezi Machi 1882, kwamba amemwona bakteria wa kifua kikuu, swali jipya lilizuka: je, ugonjwa wa Hodgkin si sura nyingine ya kifua kikuu? Carl Sternberg wa Vienna, aliyeeleza vizuri seli kubwa za ajabu za ugonjwa huo mwaka 1898, alidhani kuwa ndivyo, kwa kuwa wengi wa wagonjwa wake walikuwa na kifua kikuu pia. Mwaka 1902 Dorothy Reed, daktari kijana wa kike katika hospitali ya Johns Hopkins nchini Marekani, alizichunguza tezi hizo kwa makini na kushikilia kwamba huo ni ugonjwa wa pekee. Wakati ulimthibitisha. Seli zile kubwa, ambazo mara nyingi zina viini viwili vinavyofanana na macho ya bundi, leo zinaitwa seli za Reed na Sternberg.

Hodgkin mwenyewe hakunusurika na hukumu ya hadubini. Mwaka 1926 vipande vya baadhi ya wagonjwa wake wa asili, vilivyokuwa vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la hospitali, vilichunguzwa upya. Ilionekana kwamba si vyote vilikuwa na ugonjwa unaobeba jina lake. Ikiwa mchunguzi hodari namna ile, mwenye kiungo kizima mezani mbele yake, aliweza kuchanganya magonjwa mawili, basi hapana aibu kwa tabibu wa leo kukiri kwamba shingo ya mgonjwa aliye hai haimwambii kila kitu. Aibu iko katika kutokiri.

Ushahidi kutoka Afrika Mashariki

Mara nyingine husemwa kuwa vipimo vya namna hii ni anasa ya nchi tajiri. Historia ya Afrika Mashariki inapinga usemi huo. Mwanzoni mwa karne ya 20, malale yalipokuwa yakiangamiza watu kandokando ya Ziwa Viktoria, Waingereza wawili waliokuwa Uganda, Greig na Gray, walichoma sindano katika tezi za shingo zilizovimba, wakavuta majimaji kidogo na kuyatazama. Mwaka 1904 walitoa habari kwamba wamewaona humo vijidudu vya malale wakiwa hai. Njia yao ilihitaji sindano, kioo na hadubini tu. Zaidi ya karne moja baadaye, vikundi vinavyosaka malale katika vijiji vya Kongo bado vinapapasa shingo na kuchoma tezi kwa namna hiyohiyo.

Mfano wa pili unatoka Kampala. Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa katika hospitali ya Mulago mtoto aliyevimba taya pande zote. Hapo kabla, uvimbe wa taya kwa watoto ulihesabiwa ugonjwa mmoja na uvimbe wa tumbo ukahesabiwa mwingine. Burkitt aliona kwamba mtoto mmoja aliweza kuwa na vyote viwili, na mwaka 1958 aliandika juu ya jambo hilo. Lakini ilikuwa ni hadubini ya wanapatholojia wa Kampala, Gregory O'Conor na Jack Davies, iliyoonyesha kwamba uvimbe wote huo ulikuwa limfoma ya aina moja. Ingawa limfoma hii hupenda taya na tumbo kuliko tezi za shingo, funzo lake ni lilelile: magonjwa yaliyoonekana mengi kwa macho yalikuwa mmoja kwa hadubini, kama vile katika tezi ugonjwa unaoonekana mmoja huweza kuwa mingi.

Vipande vya uvimbe huo vilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London kwa mtafiti Anthony Epstein. Mwishoni mwa mwaka 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu ikateremka Manchester, na kipande kilipofika majimaji yake yalikuwa yamechafuka. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba yameoza na kuyamwaga. Epstein aliyatazama kwanza, akakuta kwamba uchafu ule ulikuwa ni seli za uvimbe zilizoachana na kuelea, zikiwa hai. Kutokana na seli za namna hiyo, mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Ugunduzi huo ulianza na kipande cha nyama kutoka kwa mtoto wa Uganda, na kwa mtu aliyekataa kukisia pale alipoweza kutazama.

Safari ya kipande

Ni vizuri wanafunzi wajue kinachotendeka, maana hofu nyingi hutokana na kutojua. Njia nyepesi ni ya sindano nyembamba. Tezi hushikwa kwa vidole viwili, sindano huingizwa na kuvuta chembe kidogo, nazo hupakwa juu ya kioo, hukaushwa na kutiwa rangi. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na mgonjwa huondoka kwa miguu yake. Katika kifua kikuu sindano mara nyingi hutosha, kwani usaha uliovutwa huweza kutiwa rangi kwa mbinu ya Ziehl na Neelsen, ambayo huwafanya bakteria hao waonekane wekundu. Waweza pia kuingizwa katika mashine ya kupima vinasaba, ambayo kwa muda wa saa mbili hivi husema kama vinasaba vya kifua kikuu vimo na kama bakteria hao wameizoea dawa ya rifampisini. Mashine za namna hiyo, zilizoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010 kwa makohozi na baadaye kwa tezi pia, sasa zimeenea katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki.

Sindano ina kikomo chake. Huleta seli, lakini haileti mpangilio wa seli. Ni kama mtu aliyeletewa matofali kumi akaambiwa aeleze ramani ya nyumba. Limfoma hutambuliwa kwa seli zake na pia kwa jinsi zilivyouharibu mpangilio wa tezi. Kwa sababu hiyo, inaposhukiwa limfoma, au sindano isipotoa jibu, hutakiwa kutolewa tezi nzima. Mgonjwa huchomwa dawa ya ganzi, ngozi hupasuliwa kidogo, tezi hutolewa na jeraha hushonwa. Watoto wadogo huhitaji kulazwa usingizi. Mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Hapo ndipo uangalifu unapotakiwa. Tezi ikishatoka hukatwa vipande viwili. Kimoja hutiwa katika fomalini ili kisioze, na fomalini hiyo iwe mara kumi ya ujazo wa kipande. Kingine huwekwa katika maji ya chumvi safi kwa ajili ya kutafuta bakteria, maana fomalini huwaua na kipimo cha kuwaotesha hakiwezekani tena. Kosa la kutia vyote katika chupa moja la fomalini limewanyima wagonjwa wengi nusu ya jibu lao. Katika maabara, kipande huondolewa maji kwa alkoholi, huzamishwa katika nta, kisha hukatwa vipande vyembamba sana vya maikromita tatu hadi tano, ambavyo ishirini vikipangwa pamoja vyakaribia unene wa unywele mmoja. Hutiwa rangi za hematoksilini na eosini, viini vya seli vikawa vya buluu na sehemu nyingine za waridi.

Sasa mwanapatholojia hutazama. Akiona mafundo ya seli yaliyozunguka sehemu iliyokufa iliyolainika kama jibini, atasema kifua kikuu. Akiona macho ya bundi, atasema Hodgkin. Akiona seli za koo au titi mahali zisipostahili kuwa, atajua kwamba saratani imesafiri, na pengine atasema imetoka wapi. Akiona tezi iliyochangamka tu, atawaondolea wazazi usiku mwingi wa wasiwasi.

Hoja za wanaopinga

Hoja ya kwanza, inayosikika sana mitaani, ni kwamba uvimbe ukiguswa na kisu saratani huenea. Hoja hii ina mizizi katika tukio la kweli lililoelezwa vibaya: mtu hufika hospitali saratani ikiwa imekwisha kuenea, hukatwa kipande, hufa baada ya wiki chache, na kisu hulaumiwa kwa kazi iliyofanywa na ucheleweshaji. Kutoa tezi yenye limfoma hakuenezi limfoma. Liko tahadhari moja la haki: kwa mtu mzima mwenye tezi ngumu ya shingo, kinywa, pua na koo vikaguliwe kwanza na sindano itangulie kisu, kwa kuwa huenda chanzo kiko huko, na kupasua shingo ovyo huweza kuyavuruga matibabu yatakayofuata. Vilevile nyuma ya shingo hupita mshipa wa fahamu unaoinua bega, na ukikatwa bega hulegea. Tahadhari hizo zinadai mpasuaji aliyefunzwa. Hazidai kipimo kiachwe.

Hoja ya pili ni ya gharama na umbali, nayo ni nzito. Katika nchi nyingi za kusini mwa Sahara mwanapatholojia mmoja huwahudumia watu zaidi ya laki tano, na majibu huweza kuchukua wiki nyingi. Lakini anayehesabu gharama na ahesabu zote. Ahesabu nauli za kwenda zahanati mara sita, vidonge visivyofaa, mihula iliyopotea, mbuzi waliouzwa, na mwisho wake matibabu ya ugonjwa uliokomaa ambayo ni ghali kuliko ya ugonjwa uliowahiwa. Ugonjwa wa Hodgkin, hasa kwa vijana, ni miongoni mwa saratani zinazopona vizuri ukitibiwa kwa wakati. Limfoma ya Burkitt huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili tu. Kwa mtoto wa namna hiyo, kusubiri mwezi mmoja ili kuona kama vidonge vitafaa ni hukumu ya kifo.

Hoja ya tatu ni ya kitaalamu. Husemwa kwamba kifua kikuu ni kingi mno kiasi kwamba kukitibu kwa kukisia mara nyingi kutakuwa sahihi. Ni kweli, na mahali pasipo maabara, kwa mgonjwa aliye mahututi, tabibu huweza kulazimika kufanya hivyo. Ila yafaa akumbuke mambo mawili. Kwanza, tezi za kifua kikuu huweza kuvimba zaidi kwa muda hata dawa zikiwa zinafanya kazi. Kwa hiyo aliyeanza bila kipimo hana namna ya kujua kama kuvimba huko ni kupona au ni ugonjwa mwingine. Pili, akiongeza dawa za jamii ya kotisoni, limfoma huweza kunywea kwa muda na kuficha sura yake hata mbele ya hadubini. Dhana iliyogeuzwa kuwa tiba huharibu ushahidi ambao ungeisahihisha.

Yanayopasa kufanywa

Si kila tezi ikatwe, hasha. Biopsi ya kila mtoki ni upotevu wa mali na maumivu ya bure. Kinachotakiwa ni utaratibu wenye tarehe. Uvimbe mpya usio na dalili za hatari utafutiwe chanzo, utibiwe ikiwa kipo, na mgonjwa apewe siku ya kurudi isiyozidi wiki nne. Damu ipimwe virusi vya ukimwi, kaswende na hesabu ya seli. Wiki nne zikipita bila uvimbe kupungua, sindano ifanywe. Sindano isipojibu, tezi itolewe. Na mwenye tezi juu ya mtulinga, au uvimbe unaokua haraka, au homa, jasho la usiku na kukonda, asisubiri wiki hizo nne hata kidogo.

Serikali nazo zina sehemu yake. Chupa la fomalini, karatasi iliyojazwa vizuri na njia ya kuaminika ya kupeleka kipande hospitali ya rufaa ni vitu vidogo, lakini visipokuwapo hospitali ya wilaya huwa haina macho. Mafunzo ya wanapatholojia na mafundi wa maabara hayapati sifa kama ufunguzi wa wodi mpya, maana kazi yao hufanyika chumbani na mgonjwa hawajui sura zao. Ila wodi isiyo na maabara hutibu majina ya magonjwa tu, na jina laweza kuwa la uongo.

Walimu wa sayansi nao wana nafasi ambayo hospitali haina. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayetazama seli za ganda la kitunguu kwa hadubini ya shule anafanya, kwa udogo, kazi ileile ya mwanapatholojia: anaacha kukisia na kuangalia. Mwalimu akimweleza hapo hapo kwamba kwa njia hiyo hutofautishwa kifua kikuu na saratani, somo litatoka naye nje ya darasa. Huenda mmoja katika darasa hilo atakuja kuwa mtaalamu anayekosekana. Na huenda mwingine, atakapogusa kinundu shingoni mwake au mwa mdogo wake, atahesabu wiki nne, kisha ataingia zahanati na kuuliza swali ambalo kila mgonjwa ana haki ya kuliuliza: "Kipande kitapimwa lini?"